Gari la familia lililotumika: yakupasayo kujua kabla ya kulipa

Kwa familia nyingi za Mbulu na Hanang, gari la viti saba au vinane si anasa. Ndilo linalowapeleka wagonjwa hospitali ya Haydom, linalowarudisha wanafunzi shule zinapofungwa, na linalowakusanya ndugu kwa msiba au harusi. Gari jipya la aina hiyo halimo katika uwezo wa wengi. Hivyo mnunuzi hugeukia magari yaliyotumika, ama yaliyoingizwa karibuni kutoka Japani, ama yaliyokwisha kutembea nchini kwa miaka kadhaa.

Fedha ya ununuzi huo mara nyingi ni ya mara moja maishani: mauzo ya ng'ombe, ya vitunguu swaumu au ya ngano, akiba ya mshahara, au mkopo wa chama cha akiba na mikopo. Ikipotea, hairudi kwa msimu mmoja. Aidha, gari hilo litapita katika miteremko na makorongo likiwa limejaa watoto. Makala haya yanaeleza namna ya kulichagua, kulikagua na kulilipia gari ili fedha na watu wawe salama.

Anza na barabara, si gari

Swali la kwanza si "gari gani ni zuri?" bali "litapita wapi, mara ngapi, na likiwa na watu wangapi?" Wilaya hizi mbili zina barabara za namna tofauti sana. Anayeishi Katesh au Endasak yuko kando ya lami ya Babati hadi Singida. Gari la chini lenye magurudumu madogo litamtosha kwa safari nyingi. Anayeishi Dongobesh, Haydom au Basotu hupita kwa sehemu kubwa katika njia za udongo, ambazo wakati wa masika huteleza na kuchimbika. Naye anayepanda Mbulu kwa njia ya Magara anakutana na mteremko mrefu wenye kona kali, unaozipima breki na giaboksi kuliko barabara yoyote ya mjini.

Magari mengi ya aina hii yana nafasi ya sentimita 15 hadi 16 tu kati ya ardhi na tumbo la gari, nayo hupungua watu wanane na mizigo wanapoingia. Kwa hiyo mnunuzi wa maeneo ya udongo aangalie kwanza kimo cha gari, hali ya kinga ya chini ya injini, na kama gari linavuta kwa magurudumu mawili au yote manne. La magurudumu manne husaidia kwenye utelezi, lakini hula mafuta zaidi na lina vipuri vingi vya kutunza. Kama njia yako hufungwa siku chache tu kwa mwaka, huenda ni nafuu kuahirisha safari siku hizo kuliko kulipia mfumo huo mwaka mzima.

Aina zinazopatikana kwa wingi

Toyota Noah ndilo gari la familia linaloonekana zaidi katika mkoa wa Manyara, pamoja na pacha wake Voxy. Faida yake kubwa ni kwamba mafundi wanalijua na vipuri vyake hupatikana Babati na Arusha. Hata hivyo, jina "Noah" linabeba magari matatu tofauti, na mnunuzi asiyejua tofauti hiyo hulipa bei ya moja akapewa jingine.

La kwanza ni la mwaka 1996 hadi 2001, ambalo wengi huliita Noah ya zamani. Injini yake iko chini ya viti vya mbele na gari husukumwa na magurudumu ya nyuma. Ni gari gumu na rahisi kutengenezwa. Injini ya petroli ya lita 2 iliyomo huendeshwa na mkanda wa taimingi ambao hubadilishwa kila baada ya kilomita 100,000 hivi. Muulize muuzaji ulibadilishwa lini, na kama hana uthibitisho, hesabu kwamba haukubadilishwa. Kumbuka pia kwamba hata changa kuliko zote katika kundi hili imekwisha kupita miaka 20.

La pili ni la mwishoni mwa 2001 hadi 2007. Lina nafasi zaidi na huvutwa na magurudumu ya mbele. Injini yake, inayojulikana kwa mafundi kama D-4, hudunga petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Mfumo huo huathirika upesi na petroli chafu, na pampu yake ya shinikizo kubwa ni ghali. Mkazi wa mjini anayejaza kituoni anaweza kuishi nalo vizuri. Lakini anayelazimika mara kwa mara kununua petroli ya kwenye madumu na chupa vijijini afikiri mara mbili.

La tatu ni la 2007 hadi mwanzoni mwa 2014. Injini zake haziutumii mfumo huo wa D-4, nazo hutumia mafuta kwa nafuu zaidi. Giaboksi yake ni ya mkanda isiyo na hatua za gia, na inahitaji oili ya aina yake pekee. Oili ya kawaida ya giaboksi huiua. Bei yake ya kununua ni kubwa kuliko ya yale mawili.

Nje ya Noah yapo magari madogo zaidi ya viti saba kama Toyota Wish, Isis na Sienta. Haya ni nafuu kwa mafuta, lakini yako chini, na kiti cha tatu kinawafaa watoto zaidi kuliko watu wazima. Yapo pia makubwa kama Toyota Alphard, ambayo ni ya starehe lakini injini zake za lita 2.4 na 3.0 zina kiu. Usinunue gari la aina adimu kwa sababu tu bei yake iko chini. Mara nyingi bei imeshuka kwa kuwa vipuri vyake havipatikani, na gari lisilo na kipuri Mbulu hulala gereji wiki tatu likingoja basi la kutoka Dar es Salaam.

Namba ya gari si umri wa gari

Kosa linalowagharimu wanunuzi wengi ni kupima umri wa gari kwa herufi za namba ya usajili. Utasikia: "Hili ni namba E, bado jipya." Herufi hizo zinaonyesha gari lilisajiliwa lini Tanzania. Hazisemi lilitengenezwa lini. Gari la mwaka 2003 lililoingia nchini hivi karibuni litakuwa na namba mpya, ilhali gari la mwaka 2008 lililoingia mapema litakuwa na namba ya zamani. Mwaka wa kutengenezwa umeandikwa kwenye kadi ya gari, na huo ndio wa kujadili bei.

Hali kadhalika, kilomita zinazosomeka kwenye dashibodi zinaweza kurudishwa nyuma. Kwa gari lililoingia karibuni kutoka Japani, omba cheti cha kusafirishia nje, ambacho huonyesha kilomita zilizorekodiwa huko. Kwa gari la hapa nchini, tazama vitu visivyoweza kurudishwa nyuma: pedali za breki na mafuta zilizolika, usukani uliong'aa kwa mikono, kiti cha dereva kilichobonyea. Gari linalodaiwa kutembea kilomita 70,000 haliwezi kuwa na pedali iliyolika hadi chuma.

Hesabu gharama ya mwaka mzima

Bei ya kununua ni sehemu tu ya gharama. Chukua mfano wa familia inayosafiri kilomita 12,000 kwa mwaka. Gari linalokwenda kilomita 9 kwa lita litakula lita 1,333. Linalokwenda kilomita 12 litakula lita 1,000. Tofauti ni lita 333 kila mwaka. Zidisha hizo kwa bei kikomo ya petroli ya wilaya yako, ambayo EWURA huitangaza Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, kisha zidisha kwa miaka utakayokaa na gari. Huenda gari lililoonekana ghali likawa ndilo la bei nafuu.

Ongeza matairi, oili, bima, na matengenezo ya miguu, yaani shokapu, bushi na boljointi, ambayo katika barabara zetu huchakaa mapema. Tunashauri mnunuzi asitumie fedha yote kwa gari lenyewe. Mwenye shilingi milioni 10 atafute gari la milioni 8, na milioni 2 zibaki kwa ajili ya matairi, breki na yale yatakayojitokeza miezi ya mwanzo. Gari zuri lililokosa fedha ya matunzo huwa baya kabla ya mwaka kwisha.

Anayefikiria kuagiza mwenyewe kutoka Japani ajue kwamba kodi hutegemea ukubwa wa injini na umri wa gari. Gari la abiria lenye umri wa miaka 8 na zaidi hutozwa kodi ya ziada kwa uchakavu, nayo huongezeka linapopita miaka 10. Kokotoa kodi yote kwa kikokotoo cha TRA kabla ya kutuma fedha nje, wala usiridhike na makadirio ya mdomo.

Ukaguzi: siku moja inayookoa miaka

Kagueni gari mchana, likiwa kavu, na injini ikiwa haijawashwa tangu asubuhi. Muuzaji akikupokea na gari lenye injini ya moto, mwombe izimwe na urudi baadaye, kwa kuwa maradhi mengi ya injini hujificha ikipata moto. Nenda na fundi wako mwenyewe, si yule anayeletwa na dalali. Nauli na posho ya fundi kutoka Mbulu hadi Arusha ni ndogo mno ikilinganishwa na bei ya injini. Mambo yafuatayo yasiachwe:

1. Moshi. Moshi wa bluu ni dalili kwamba injini inaunguza oili. Moshi mweupe mzito usiokoma, pamoja na maji ya rejeta kupungua, huashiria kwamba maji yanaingia ndani ya injini. Moshi mweusi ni petroli isiyoungua sawasawa.

2. Giaboksi. Weka gia ya kwenda mbele na ya kurudi nyuma gari likiwa limesimama. Likichelewa kushika au likishtuka kwa kishindo, giaboksi imechoka. Chomoa kijiti cha oili ya giaboksi, kama kipo. Oili nyeusi yenye harufu ya kuungua ni onyo.

3. Breki. Zijaribu kwenye mteremko halisi, si kwenye uwanja wa yadi. Gari lisivutwe upande mmoja, usukani usitetemeke, na pedali isizame. Hakikisha pia kwamba gia ya chini, inayoandikwa L au 2 kwenye giaboksi nyingi, inafanya kazi ya kulizuia gari. Anayeshuka Magara kwa breki peke yake huzipasha moto hadi zikaacha kushika, na hapo hakuna tena la kujaribu.

4. Matairi. Ubavuni mwa tairi kuna tarakimu 4 zinazoonyesha wiki na mwaka wa kutengenezwa. Kwa mfano, 3519 ni wiki ya 35 ya mwaka 2019. Tairi lenye miaka mingi hupasuka hata kama meno yake yanaonekana mazima. Baadhi ya magari hufika kutoka Japani na matairi laini ya msimu wa theluji, ambayo hayafai kwa lami ya moto.

5. Milango ya kusukuma. Vumbi la barabara zetu huharibu reli na mota zake. Ifungue na kuifunga yote mara kadhaa, kwa swichi na kwa mkono. Mlango wa watoto usiofunguka kwa ndani ni hatari wakati wa ajali.

6. Viti na mikanda. Hesabu mikanda, si viti. Vuta kila mmoja kwa ghafla uone kama unashika. Kama familia ina watu 8 na mikanda inayofanya kazi ni 5, basi hilo ni gari la watu 5.

7. Maji na tope. Wakazi wa Hanang, waliyoyaona maporomoko ya tope ya Desemba 3, 2023 huko Katesh na vijiji vya jirani, hawahitaji kuelezwa nguvu ya tope. Gari lililowahi kuzama, popote pale nchini, linaweza kusafishwa likang'aa huku nyaya zake zikiendelea kuoza. Inua zulia, nusa, na utazame kutu kwenye nati za viti na udongo uliokauka chini ya dashibodi.

Kagua nyaraka kama unavyokagua injini

Omba kadi halisi ya gari, si nakala. Linganisha namba ya chesisi na ya injini iliyo kwenye kadi na ile iliyopigwa kwenye gari lenyewe. Jina lililo kwenye kadi liwe la anayekuuzia, na kitambulisho chake kithibitishe hivyo. Kadi ikiwa na jina la benki pamoja na la mtu, maana yake gari lina mkopo, na haliuziki bila barua ya benki. Mwenye gari akiwa amefariki, anayeuza lazima awe msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Ukoo kukubaliana hakutoshi.

Hakikisha pia kama gari lina faini za barabarani ambazo hazijalipwa kwa kutumia namba yake katika mfumo wa Jeshi la Polisi, na kama stika ya bima ni halali katika mfumo wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima (TIRA).

Kisha andikeni mkataba wa mauziano mbele ya wakili. Uonyeshe bei kamili, namba za gari, hali yake, na kila ahadi ya muuzaji: "halijawahi kupata ajali", "giaboksi haina tatizo". Lipa kwa benki, kwenye akaunti yenye jina lililo kwenye kadi. Usimtumie dalali fedha ya gari kwa simu. Ikiwezekana, bakiza sehemu ya malipo hadi uhamisho wa umiliki ukamilike TRA. Uhamisho huo una ada pamoja na ushuru wa stempu wa asilimia 1 ya bei. Kubalianeni mapema nani atalipa.

Wako wanaotembelea kadi ya mtu mwingine kwa miaka ili kukwepa ada hizo. Matokeo yake ni kwamba mwenye jina akifariki, akigoma au akihama, mnunuzi hana la kuonyesha. Muuzaji naye huendelea kuandikiwa faini na kutafutwa kwa ajali za gari asilolijua liliko.

Sheria inakulinda kiasi gani?

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji kuhusu bidhaa anayomuuzia. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inataka bidhaa ilingane na maelezo iliyouzwa nayo. Ukiambiwa gari ni la 2008 likawa la 2002, una haki ya kudai.

Hata hivyo, sheria hiyo ina mipaka miwili ambayo kila mnunuzi apaswa kuijua. Kwanza, sharti la kwamba bidhaa iwe na ubora unaostahili kuuzwa humhusu anayefanya biashara ya bidhaa hizo, kama vile yadi ya magari. Halimhusu jirani anayeuza gari lake binafsi. Pili, mnunuzi aliyekwisha kulikagua gari hawezi kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi huo ulipaswa kuifichua. Kwa maneno mengine, kuzunguka gari mara moja, kupiga teke tairi na kusema "sawa" kunaweza kukuondolea haki bila kukupa ulinzi wowote. Ndiyo maana tunasisitiza ukaguzi uwe wa kweli na ahadi ziwe kwenye maandishi.

Ukipotoshwa na mfanyabiashara, tunza tangazo, ujumbe wa simu, risiti na mkataba, kisha mwandikie barua ya madai. Asipojibu, wasilisha malalamiko Tume ya Ushindani (FCC) au fungua shauri mahakamani. Panapokuwa na kughushi nyaraka au gari la wizi, nenda polisi mara moja.

Usiligeuze kuwa mchomoko

Wapo wanaonunua Noah la familia kwa matumaini ya kurudisha fedha kwa kubeba abiria siku za mnada. Kubeba abiria kwa nauli kunahitaji leseni ya LATRA, usajili wa biashara na bima ya biashara. Gari la namba ya njano likipata ajali likiwa na abiria waliolipa, kampuni ya bima inaweza kukataa kulipa, na mzigo wote wa matibabu na fidia ukamwangukia mwenye gari. Mwenye nia ya biashara aingie kwa mlango wa biashara tangu mwanzo, na gharama hizo azihesabu kabla ya kununua.

Kabla ya kutoa fedha, jiulize maswali matano: Je, gari hili linaiweza barabara ya nyumbani kwangu? Je, vipuri vyake na fundi wake wako karibu? Je, nimebakiza fedha ya matunzo? Je, fundi wangu, si wa muuzaji, amelipitisha? Je, jina la kwenye kadi ni la ninayemlipa? Jibu moja likiwa "hapana", ahirisha. Muuzaji atakuambia kwamba kuna mteja mwingine njiani. Mwache aje, magari ni mengi kuliko akiba ya familia yako.